Mwalimu Aliyetuvisha Nyeupe

Mwalimu wetu wa ushonaji alizungumza akiwa na pini mdomoni. Alizibana tatu au nne kati ya midomo, vichwa vyake vikimetameta, na maneno yakapita pembeni, mafupi. Mgeni hakuambulia kitu. Sisi wasichana wa Temeke tuliopita mikononi mwake tulimwelewa kuliko tulivyowaelewa mama zetu. Mguno mmoja ulimaanisha nyoosha mgongo. Miwili, acha kupumua kwa mabega. Akizitoa pini na kuzichoma moja moja kwenye kijimto alichokivaa mkononi kama saa, tulijua ana jambo zima la kusema, na kwamba kuna mtu atalia.

Sitalitaja jina lake. Hata wazazi waliotuleta kwake hawakulitumia. Alikuwa Mwalimu, basi. Alizaliwa wapi, kwa nani, sikuwahi kuuliza na sitaanza leo. Nitaandika ninayoyajua, na ninayajua mengi, kwa sababu kwa miaka yangu ya usichana mimi ndiye niliyekuwa mwili wake wa kufundishia.

Darasa letu lilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya duka la vyuma, Temeke, na halikuwa na sanamu ya kuvishia nguo. Alisema sanamu hazina maana, hazitoki jasho. Akatafuta msichana mrefu asiye na nyonga, akanipata mimi. Akanipandisha kwenye stuli, akanitupia kitambaa begani, akaanza kunizunguka.

"Simama. Mikono iache mwili kidogo. Isiguse, isikimbie. Wewe ni nguzo."

Tangu siku hiyo nikaitwa Nguzo, na mpaka leo wapo watu Temeke wasiojua kwamba nina jina jingine. Nilisimama asubuhi, nikasimama baada ya chakula, wenzangu wakijifunza kupanga mikunjo mwilini mwangu na kunichoma mbavu. Nikisema namjua Mwalimu, namjua kwa ngozi.

Na jambo hili nitalisema wazi, sina sababu ya kulificha: mimi ndiye mwanafunzi wake aliyefika mbali kuliko wote. Kidato cha nne nilitoka na sifuri. Nikaenda Athene, Ugiriki, kufanya kazi za ndani kwenye familia moja, nikamtunza bibi kizee wao, nikajifunza lugha yao kwa kugombana naye, nikasoma jioni hadi nikapata diploma ya ubunifu wa mavazi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimerudi, nimejenga Bunju kwa jasho langu, nina duka la mavazi lenye vioo mbele, na diploma nimeitundika mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa. Yote hayo yalianzia kwenye stuli ile. Mwalimu hakuwahi kusema neno juu ya hilo. Nililisubiri.

Kwenye ukuta wa darasa kulikuwa na karatasi moja tu, imechanwa kutoka kalenda ya zamani ya wakala wa meli. Miezi ilishakatwa, ikabaki picha. Ni jengo dogo la mawe huko Athene, na paa lake halikushikiliwa na nguzo za kawaida bali na wanawake wa mawe. Wamesimama wima, kila mmoja goti moja limelegea kidogo, paa liko juu ya vichwa vyao, na nguo zimeshuka kutoka mabegani hadi miguuni kwa mikunjo mirefu iliyonyooka. Weupe kama chumvi.

"Angalieni," alikuwa akisema. "Wamebeba nyumba kichwani na nguo haijawavuka. Nyie ndoo ya maji tu, kanga chini."

Hapo ndipo masomo yake yote yalipotoka. Vyuo vingine vilifundisha kupima, kukata, kuunga. Yeye alitufundisha kwamba Mgiriki wa kale alichukua kitambaa kizima cha pembe nne, akakikunja juu, akakibana mabegani kwa pini mbili, akafunga mkanda chini ya matiti, na mwanamke akatoka nyumbani amependeza bila mkasi kugusa kitu. "Mgiriki hakukata," alisema. "Alining'iniza." Alituambia kwamba kila gauni la bega moja, kila mkanda unaopanda chini ya matiti, kila rinda linaloshuka bila kushonewa, mizizi yake iko kwa wanawake wale wa kwenye kalenda. Na alituambia kwamba nguo hiyo ni nyeupe. Si maziwa, si krimu. Nyeupe. Rangi, kwake, ilikuwa kelele ya mtu asiyejua kupanga mikunjo.

Mara kwa mara aliletewa wateja na sifa zake. Nakumbuka dada mmoja wa Kinondoni, bibi harusi mtarajiwa, kucha ndefu, amekuja na gazeti la mitindo.

"Mwalimu, mie nataka mshono huu wa bega moja. Umetoka juzi tu."

Mwalimu akatoa pini mdomoni. Sisi tukashusha macho.

"Umetoka lini?"

"Juzi. Wote wa mjini wanauvaa."

Akamshika mkono, akampeleka hadi ukutani. "Mwamkie huyu."

"Nani?"

"Huyu hapa. Mwambie shikamoo. Huo mshono wako wa juzi, bibi zake huyu walishauchoka."

Dada akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akaiamkia kalenda. Aliolewa na nguo nyeupe ya bega moja, na mpaka leo picha yake ipo sebuleni kwake, nimeiona.

Lakini mwalimu huyu aliyehubiri vitambaa vinavyotiririka hakuwahi kuvaa kimoja. Kila siku alikuja na sketi ya bluu iliyokoza, nyembamba, na blauzi yenye kola, vyote vimekatwa na kushonwa kwa mkono wake mwenyewe, mishono imenyooka kama reli. Aliyeutukana mkasi alikuwa na mkasi mzito kuliko wote Temeke, ameuviringisha kwenye flana, na ole wake aliyeugusa. Na huyo adui wa rangi, alipohamia Goba enzi zile vilima vyake vikiwa bado vichaka na watu wachache, alizungushia kiwanja chake ua wa bogonvilia za rangi zote: nyekundu, zambarau, njano, zinaonekana toka ng'ambo ya bonde. Nilimuuliza. Alinijibu, "Maua hayaendi harusini."

Alikuwa pia na mtihani wake wa kitambaa, na huu nautumia hadi leo dukani kwangu. Alilowesha pembe ya kitambaa kwa mate, akaisugua kwenye leso yake nyeupe, akaipeleka kwenye mwanga. Ikiacha alama, kitambaa kinachuja, rudisha. Hakuamini lebo, hakuamini kiapo. Wauza vitambaa wa Kariakoo walimjua.

"Jamani, yule Mwalimu anakuja! Ficheni zile nyekundu!"

"Mama, utatulambia mali yetu mpaka lini?"

"Nisiilambe mie, ikamlambe bibi harusi?"

Walimcheka, lakini akiondoka na kitambaa, wateja wengine walinunua kilekile.

Si kila nguo yake ilisimama. Ukonga, kwenye sherehe moja, DJ alipiga mdundo wa kurukaruka, bibi harusi akasahau yeye ni nani, akaruka, na pini ya bega la kulia ikafunguka. Nguo nzima ikaanza kushuka mbele ya wakwe. Akina mama walimvamia kwa kanga kama wanazima moto. Kesho yake mama wa bibi harusi akaja darasani, anafoka.

"Nguo yako imemdhalilisha mwanangu!"

"Nguo haikuruka," Mwalimu alisema. "Aliyeruka ni yeye."

Hakuomba radhi. Lakini baada ya hapo nilimwona akishonea mabega kwa siri, nyuzi chache zilizofichwa chini ya pini. Alipogundua nimeona, alinichoma mbavuni.

Siku za harusi alifuatana na bibi harusi hadi mlangoni mwa kanisa au ukumbi. Huko alipiga magoti, akaweka pindo sawa, akatazama mara ya mwisho kuanzia bega hadi chini. Bibi harusi akiingia, yeye aligeuka akarudi nyumbani. Hakuwahi kuingia. Hakula wali wa harusi hata moja miongoni mwa zile tulizovisha. "Kazi yangu inaishia mlangoni," alisema. Nikiwa msichana niliona ni heshima ya kazi. Nilipoishi ugenini, nikawa nawavisha watoto wa watu kwa sherehe zao kisha narudi chumbani kwangu, nilianza kuliona kwa macho mengine.

Hata hivyo, mlango uliomuumiza zaidi ulikuwa wa mwanawe.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, wa rika langu. Mpole, mcheshi, mpenda rangi. Akiwa mdogo alikuwa akichezea mabaki ya vitenge tuliyoyatupa, akijifunga yote kwa pamoja. Alipochumbiwa, Mwalimu hakuuliza nguo itakuwaje. Alinunua kitambaa cheupe kizuri kuliko vyote alivyowahi kununua, akakilamba pembe zote nne, na kwa wiki nyingi alinisimamisha kwenye stuli nikiwa badala ya bibi harusi. Pini mdomoni, hana neno.

Binti hakusema kitu. Nadhani aliogopa. Alikwenda kwa fundi wa Kariakoo, akashonewa gauni la send-off la kubana kiuno, limekatwa vipande na kuungwa, rangi ya zafarani inayowaka.

Tulifika kwenye ukumbi, Kinondoni, mimi nimebeba mfuko wa nailoni wenye kitambaa cheupe. Binti akatokea mlangoni na mashoga zake, amependeza, lazima niseme ukweli, amependeza sana. Akamwona mama yake. Tabasamu likamganda.

Mwalimu akamtazama kuanzia bega hadi chini, kama alivyozoea.

"Umevaa biriani," alisema.

Alikuwa hana pini mdomoni. Kila mtu alisikia, na wakwe wakasikia. Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi, kama watu wanavyocheka wakiwa hawajui wafanye nini. Binti akaanza kulia, wanja ukashuka. "Mama," alisema, "siku yangu ni moja tu." Mwalimu akaninyang'anya mfuko, akageuka. Hakwenda kwenye harusi. Hakwenda alipozaliwa mjukuu. Binti alikuwa akituma vitu kupitia majirani, unga, mafuta, dawa ya miguu, na Mwalimu alivipokea na kusema "mwambieni asante," lakini hakumtamkia binti neno lolote yeye mwenyewe. Miaka ikapita namna hiyo. Mimi nikaondoka.

Jumapili yangu ya kwanza ya mapumziko Athene, nilikwenda kuwatafuta wanawake wa kalenda. Niliambiwa waliosimama nje sasa ni nakala. Wenyewe wamehifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho. Nikaingia. Ni wakubwa kuliko nilivyodhani, na mabega yao ni ya watu wanaofanya kazi. Lakini ndani ya jumba lile walikuwa watano. Wa sita alichukuliwa zamani akapelekwa nchi nyingine, na hawa waliobaki hawakusogezwa ili kuziba. Nafasi yake imeachwa wazi, sakafu tupu, watu wanapita wanaitazama. Mimi nilikuwa sijaongea Kiswahili na mtu yeyote tangu nifike. Nikasimama mbele ya ile nafasi, mikono nimeiacha mwili kidogo, mpaka mlinzi akanikoholea.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuoni, mkufunzi wetu alituonyesha kitu ambacho sikuwa nimekitegemea. Sanamu zile za kale hazikuwa nyeupe. Zilipakwa rangi. Wataalamu wamekuta mabaki, nyekundu kwenye nywele, bluu na kijani kwenye nguo, hasa ndani ya mikunjo ambako mvua haikufika. Mvua, jua na karne ndivyo vilivyoosha. Akatuonyesha nakala ya sanamu moja, iliyopakwa upya kama inavyodhaniwa ilikuwa. Niliangua kicheko darasani, Wagiriki wakanigeukia. Nguo yake ilikuwa kanga! Pindo lenye mapambo kuzunguka kote, na mji wake katikati. Kisha akaeleza kwamba zafarani ilikuwa rangi ya kike ya heshima kwao, na kwamba bibi harusi wao alivaa kitambaa cha zafarani.

Nikaacha kucheka.

Habari hiyo niliibeba miaka mingi. Nilipanga namna nitakavyoitua mbele ya Mwalimu. Nilijiona nimesimama sebuleni kwake na diploma yangu, namwambia, na yeye anatoa pini mdomoni, na kwa mara ya kwanza anasema Nguzo, umejua kuliko mimi. Ndoto ya mtu aliye mbali na kwao ni ndogo hivyo.

Niliporudi nilikwenda kumsalimia mara moja. Alinipokea, akanipa chai, akapindua pindo la gauni langu, akatazama mshono kwa ndani, akalirudisha. Alikuwa na wageni wa kanisa lake. Sikusema. Kisha nikajenga, nikafungua duka, siku zikanichukua.

Mwezi uliopita binti yake akaingia dukani kwangu Bunju. Naye anakaa hukohuko Bunju, nyumba kadhaa kutoka kwangu, lakini tulikuwa tunapungiana mkono tu. Amekuwa mama mtu mzima. Mjukuu wa Mwalimu anaolewa.

"Nguzo, nataka sare za akina mama wa ukoo. Wote."

"Rangi gani, dada?"

"Unaijua."

Nikamwangalia. "Zafarani?"

"Hiyohiyo. Sijaibadilisha. Mie mbishi, nimemrithi." Akacheka, akaacha. "Na mama naye umkatie."

"Mama yako hakatiwi."

"Basi umning'inizie." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kucheza na futi yangu ya kupimia. "Unajua, kila tukipiga picha ya familia, pembeni yangu huwa naacha nafasi. Mpiga picha anapiga kelele, mama sogea, kuna pengo hapo. Namwambia liache. Wanangu wanafikiri nina wazimu."

Sikumwambia nilichokiona Athene.

"Nenda wewe," akasema. "Mie nikienda nitalia, na yeye anachukia machozi. Nataka tu aingie ukumbini. Asiishie mlangoni. Akae na sisi, ale wali."

"Akikataa?"

"Kama akikataa hii, Nguzo, mie sitaomba tena. Nimechoka."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda Goba Alhamisi mchana, kitambaa cha sare kimekunjwa kwenye mfuko, kizima, sijakigusa kwa mkasi. Vilima vya Goba sasa vimejaa maghorofa na mageti ya umeme, lakini bogonvilia zake bado zinaonekana toka ng'ambo. Zilikuwa hazijapogolewa. Nililazimika kuinama kupita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nguzo. Umenenepa." Akanishika kiwiko, akanigeuza. "Nyonga umezipata wapi?"

"Ugiriki."

"Mm."

Amepungua sana. Sketi ya bluu ni ileile, ameibana kiunoni kwa pini. Nyumba ilikuwa safi na kimya. Kikombe kimoja kwenye meza, sahani moja kwenye kichanja, kiti kimoja chenye mto uliobonyea na vingine vyote vina mito iliyojaa kama siku iliponunuliwa. Kalenda aliihamishia sebuleni. Chini yake hakuna picha ya mtu yeyote.

Nikampa habari za harusi. Alisikiliza akitazama mfuko.

"Rangi gani?"

"Zafarani."

"Basi rudi nayo."

"Mwalimu, kabla sijarudi nayo, naomba nikuonyeshe kitu."

Nikatoa simu, nikafungua picha. Akavaa miwani. Nilimwonyesha mabaki ya rangi kwenye mikunjo, kisha ile nakala iliyopakwa upya. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa na kama nilivyojizoeza kwa miaka. Niliongea mpaka nikaisikia sauti yangu inazidi ukubwa wa chumba, nikanyamaza.

"Nani kapaka hii?"

"Wataalamu. Wamefuata mabaki."

"Wameyakuta kwenye mikunjo."

"Ndiyo. Ambako mvua haikufika."

Akanyoosha kidole kwenye kalenda. "Na weupe wote huu?"

"Zilichuja, Mwalimu."

Akavua miwani. Nje, kwa jirani, mtu alikuwa anagonga bati.

"Sikukijaribu," alisema.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Mwanamke aliyelamba kila kitambaa cha Kariakoo, hicho kimoja alikiamini kwa macho.

"Na maharusi wao?" akauliza. "Walivaa nini?"

Ndilo swali nililokuwa nimelisubiri kuliko yote. Nilikuwa na jibu lake, lina uhakika, nimelilipia kwa ujana wangu. Nikatamani asingeuliza.

"Zafarani, Mwalimu."

Aliketi ameishika miwani mapajani, kidole kikisugua kioo kana kwamba kuna doa. Midomo yake ilitikisika, nikadhani anatafuta pini.

"Biriani," alisema polepole, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuniambia mimi.

Akainuka, akaingia chumbani. Nilisikia mlango wa kabati, kisha mchakacho wa nailoni. Akarudi na ule mfuko. Niliujua. Akatoa kitambaa cheupe, akakifungua juu ya meza. Hakikuwa cheupe tena. Kwenye mikunjo kilikuwa kimegeuka rangi ya samli.

"Lete chako."

Nikampa. Akachukua pembe ya kitambaa cha zafarani, akaipeleka mdomoni, akailowesha. Ilimchukua muda, mdomo ulikuwa mkavu. Kisha hakutoa leso. Aliisugua kwenye kile cheupe, katikati kabisa, kwa nguvu, mara kadhaa, akaondoa mkono. Palibaki alama ya rangi ya chungwa, ndogo, kama kidole cha mtoto aliyekula embe.

"Inachuja," alisema.

"Nitaleta nyingine, Mwalimu, kuna aina ile ya—"

"Nani kasema irudi?" Akakiacha kitambaa cheupe pale mezani, wazi, na doa lake. Akaenda kusimama katikati ya mkeka. "Nivishe. Na usikate."

Nikabana pini mdomoni. Nikakunja kitambaa juu, nikakipandisha mabegani kwake. Mabega yamebaki mifupa. Nikaanza kumzunguka, napanga mikunjo, na yeye akasimama wima, mikono imeacha mwili kidogo. Na kwa kuwa sikuweza kumjibu, akaongea.

"Wewe ulisimama vizuri kuliko wote. Wenzako walikuwa wanatikisika. Nilikuchoma makusudi nione kama utatikisika."

Niliguna.

"Huko ulikokwenda, nani alikuwa anakupikia?"

Niliguna.

"Hakuna. Nilijua. Niliwaza, huyu atasimama hukohuko mpaka wamsahau." Akavuta pumzi. "Diploma yako umeitundika wapi?"

Nikaelekeza mkono upande wa Bunju, kwenye ukuta nisiouona.

"Iwe juu kidogo. Watu wainue shingo."

Nilikuwa na pini nne mdomoni na macho yamejaa maji. Nilifunga mkanda chini ya matiti, nikaweka pindo sawa nikiwa nimepiga magoti kama yeye alivyokuwa akipiga mlangoni. Kisha, kwa siri, nikatia nyuzi chache chini ya pini za mabega. Nina hakika alihisi.

"Mwambie aje kunichukua mwenyewe," alisema. "Asitume dereva."

"Jumamosi saa ngapi, Mwalimu?"

Nikasogea kuanza kutoa pini ili nikunje nguo hadi siku yenyewe, akanizuia kwa kiganja.

"Niache hivihivi."

"Leo Alhamisi."

"Siku nazijua. Niache kidogo."

Nikatoka. Getini, chini ya maua, nikapiga simu. Binti alipokea kabla haijaita vizuri.

"Kasemaje?"

"Kasema uje kumchukua mwenyewe."

"Kavaa?"

"Kavaa."

"Cheupe chake?"

"Zafarani, dada."

Funguo zikalia, kisha mlango ukafunguliwa.

"Mwambie asivue," akasema. "Natoka sasa hivi."

Nikageuka. Kupitia nondo za dirisha nilimwona. Bado amesimama kwenye mkeka, goti moja limelegea kidogo, mikono imeacha mwili, haigusi, haikimbii. Alikuwa amesogea upande mmoja wa mkeka, na upande wa pili ulikuwa wazi.

Sikurudi ndani kumwambia asivue. Nilikaa getini kulisubiri gari.